Mtoto ameandikwa ‘amefikiwa’. Je, amefika wapi?

Mchukulie mama mmoja wa Kiseke, ambaye huenda ni jirani yako. Mwanawe wa kiume ana miaka 9 na ana mtindio wa ubongo. Anaelewa karibu kila anachoambiwa, lakini hatembei, na maneno yake yanaeleweka na watu wa nyumbani tu. Ni mwaka wa pili sasa tangu aandikishwe kwenye kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi ya serikali.

Nyumba yao iko juu, kwenye mawe, ambako bajaji haipandi. Kila asubuhi mama humbeba mgongoni hadi barabarani. Bajaji ikiwa imejaa, au siku ambayo hela ya nauli ndiyo hiyohiyo hela ya dagaa, wanageuza na kurudi. Kwa wiki mtoto anafika shuleni siku mbili, akibahatika tatu.

Siku moja wazazi waliitwa shuleni. Wageni walikuwa wamekuja kufanya tathmini ya huduma kwa watoto wenye ulemavu. Wazazi walikaa kwenye benchi, mwalimu mkuu akiwa pembeni, na kijana mmoja mwenye kishikwambi akawafikia mmojammoja.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mtoto wako amesajiliwa hapa?”

“Ndiyo.”

“Mnaridhika na huduma?”

Mama akamtazama mwalimu. Bibi mmoja anayelea mjukuu wake mwenye usonji, aliyekaa naye benchi moja, akamgusa goti na kunong’ona, “Mwanangu, usiseme mengi. Wakifunga hapa, tutawapeleka wapi?”

“Tunashukuru,” mama akajibu.

Kijana akabonyeza. Mtoto akaingia kwenye hesabu ya ‘waliofikiwa’. Zile siku mbili au tatu za wiki hazikuingia popote. Hayakuingia pia mabadiliko ambayo mama mwenyewe ameyaona kwa miezi kadhaa: kwamba mtoto siku hizi anashika kijiko, na kwamba hapigi tena kelele usiku kwa maumivu ya miguu tangu mwalimu awafundishe nyumbani namna ya kumlaza na kumnyoosha.

Kwa maana hiyo tathmini ile ilikosa mambo mawili kwa mkupuo. Haikuona ubaya wa huduma, na uzuri wake pia haikuuona.

Mitumbwi na samaki

Wazazi wengi wakisikia neno ‘tathmini’ wanadhani ni jambo la wataalamu na Dodoma. Lakini mtu wa Mwanza hahitaji darasa kulielewa. Kuhesabu mitumbwi iliyoingia ziwani jioni si kuhesabu samaki waliofika Mwaloni Kirumba asubuhi. Mitumbwi inaweza kutoka yote, taa zikawaka, mafuta yakateketea, na ndoo zikarudi tupu.

Ziko kazi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Ufuatiliaji huangalia kama kazi inaendelea: walimu wapo, vifaa vimefika, watoto wameandikishwa. Ukaguzi huuliza kama fedha ya umma imetumika kwa utaratibu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufanya pia ukaguzi wa ufanisi, kwa mujibu wa Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, kuona kama fedha imeleta tija. Tathmini ndiyo inayouliza swali la mzazi: kwa sababu ya huduma hii, nini kimebadilika kwa mtoto na kwa nyumba yake?

Na fedha ipo. Si ya kutosha, lakini ipo. Tangu Januari 2016 serikali imekuwa ikigharamia elimumsingi bila ada, na vitengo vya elimu maalumu vimo humo. Walimu wake wengi hupita Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. Upo Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Kwa watoto wadogo, Desemba 2021 ilizinduliwa programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Kwa kaya masikini kuna TASAF. Juu ya yote iko Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu na huduma.

Kila mpango kati ya hiyo uliahidi jambo lake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya tathmini nzuri ni kuiandika ile ahadi kwa maneno ambayo mama wa Kiseke anaweza kuyasoma. ‘Kuboresha huduma’ haipimiki. ‘Mtoto aliyeandikishwa afike shuleni angalau siku nne kwa wiki’ inapimika.

Nani hayupo kwenye benchi?

Tathmini iliyofanyika shuleni iliwauliza waliofika shuleni. Nyumba ya tatu kutoka kwa mama yule kuna binti wa miaka 12 ambaye hajawahi kuvuka kizingiti cha lango. Yeye hakuulizwa, wala hakuhesabiwa kuwa amekosa.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha namna ya kulikwepa kosa hili. Mwaka 2015, katika wilaya za Iganga na Mayuge, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Karolinska, Sweden, hawakusubiri watoto waletwe hospitali. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za watoto zaidi ya 31,000 wenye umri wa miaka 2 hadi 17. Waliotiliwa shaka walichunguzwa tena, kisha wakaonwa na madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: karibu watoto 3 katika kila 1,000 walikuwa na mtindio wa ubongo.

Hesabu hiyo ni ya Uganda, lakini inampa mzazi na diwani wa hapa swali la kuanzia. Kama eneo lina watoto 10,000, mtu angetarajia karibu 30 wenye hali hiyo peke yake, kabla ya kuhesabu usonji na ulemavu wa akili. Kitengo kikiwa na wanne, wengine wako wapi?

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Ukibisha hodi na kusema, “Humu kuna mlemavu?” wengi watajibu hapana, wengine kwa aibu, wengine kwa sababu hawamwoni mtoto wao hivyo. Ndiyo maana UNICEF na Kundi la Washington walitoa mwaka 2016 maswali ya aina nyingine kwa watoto wa miaka 2 hadi 17: ukimlinganisha na wenzake wa umri wake, je, anapata shida kutembea? Kukuelewa unapozungumza? Kujifunza mambo? Kuzoea mabadiliko? Swali la namna hiyo mama hulijibu bila kuinamisha kichwa.

Alikuwaje alipoanza?

Kosa la pili la ile tathmini ni kwamba ilikuja bila kumbukumbu ya mwanzo. Kijana hakuwa na karatasi yoyote inayosema mtoto alikuwaje siku ya kwanza. Bila hiyo, kijiko anachokishika leo hakina maana kwa mgeni. Labda alikishika tangu zamani.

Hata kumbukumbu ikiwepo, bado haitoshi. Watoto hukua. Mtoto wa miaka 9 anaweza kujua jambo ambalo hakulijua akiwa na miaka 7 hata kama hakuna aliyemfundisha. Ili kujua kazi ya huduma ni ipi na kazi ya umri ni ipi, lazima kuwe na wa kulinganisha naye.

Mfano unaokumbukwa sana ni wa Marekani. Huko Pennsylvania kulikuwa na kituo kikubwa kiitwacho Pennhurst, walimofungiwa watu wenye ulemavu wa akili kwa miaka mingi. Mwaka 1978 mahakama iliamuru wahamishiwe kwenye makazi ya kawaida mitaani. Watafiti wakawafuatilia kwa miaka kadhaa, wakiwalinganisha waliohama na wenzao wenye hali kama zao ambao walikuwa bado kituoni. Ripoti yao ya mwaka 1985 ilionyesha kwamba waliohama waliongeza uwezo wa kujihudumia kuliko waliobaki. Familia nazo ziliulizwa kabla na baada. Nyingi zilipinga mwanzoni zikihofia ndugu zao wataumia. Baada ya kuona maisha mapya, nyingi zikageuka na kuunga mkono. Wangeulizwa mara moja tu, mwanzoni, jibu lingekuwa: msiwahamishe.

Hapa linakuja swali gumu la haki. Je, ni sawa kumwacha mtoto bila huduma ili awe wa kulinganishwa? Si sawa kumnyima makusudi kile ambacho kingeweza kutolewa. Lakini nafasi zikiwa chache kuliko watoto, wapo watakaosubiri kwa vyovyote. Katika hali hiyo, kupanga zamu kwa kura iliyo wazi ni haki zaidi kuliko kuwapa nafasi wanaojuana na ofisi. Wanaosubiri wapimwe pia, waelezwe zamu yao ni lini, na zamu hiyo iheshimiwe.

Kipimo cha mtoto huyu

Mtihani wa darasa la saba hauwezi kuwa kipimo cha kila mtoto. Lakini kusema ‘huyu hapimiki’ ni kumtupa.

Mwaka 1968 Wamarekani wawili, Thomas Kiresuk na Robert Sherman, walipendekeza njia ambayo hadi leo hutumika kwenye huduma za watoto wenye ulemavu. Kila mhudumiwa anawekewa lengo lake mwenyewe, na lengo linagawanywa ngazi tano. Katikati, kwenye sifuri, ni kile kinachotarajiwa. Juu yake ni zaidi na zaidi sana. Chini ni pungufu na pungufu sana.

Kwa mtoto wa Kiseke, lengo la muhula mmoja linaweza kuwa kula. Pungufu sana: analishwa kila kitu. Pungufu: anashika kijiko akishikwa mkono. Linalotarajiwa: anapeleka kijiko mdomoni mwenyewe, ugali ukimwagika. Zaidi: anamaliza nusu sahani. Zaidi sana: anamaliza sahani. Mama anaweza kuujaza mstari huu bila mtaalamu. Na kwa kuwa kila mtoto anapimwa dhidi ya lengo lake, mwenye usonji na mwenye mtindio wa ubongo wanaweza kuwekwa kwenye ripoti moja bila mmoja kumfedhehesha mwingine.

Hata hivyo, upo mtego ambao wabunifu wa tathmini wasipouangalia unaumiza watoto wenye hali nzito zaidi. Kama fedha zitafuata maendeleo ya ujuzi peke yake, mwalimu atajifunza haraka kwamba mtoto mwenye hali nyepesi anampandishia alama, na yule asiyeshika shingo anamshushia. Atamkataa bila kusema amemkataa. “Mama, huyu bado, mlete mwakani.” Mwakani itakuwa hivyohivyo.

Kwa hiyo kipimo lazima kiwe na sehemu mbili. Moja, amejifunza nini. Pili, anaishije: analala bila maumivu, anakula bila kupaliwa, anatoka nje, ana mtu wa kucheza naye, hafungiwi ndani mama anapokwenda gengeni. Wapo watoto ambao sehemu ya kwanza haitasogea sana maisha yao yote. Huduma iliyowapa ya pili haikushindwa. Na ripoti iandike ni watoto wangapi wa hali nzito waliopokelewa, ili anayewapokea asionekane mvivu mbele ya anayewachuja.

Nyumba nayo ipimwe. Mama ameweza kurudi kwenye biashara yake ya samaki? Dada mkubwa ameacha kukosa shule ili kumwangalia mdogo wake? Nauli ya kumpeleka kliniki Bugando inatoka wapi? Hayo hayamo kwenye rejista ya shule, lakini ndiyo yanayoamua kama mtoto atafika siku mbili au tano.

Anauliza nani, mbele ya nani?

Turudi kwenye benchi. Mama alisema ‘tunashukuru’ kwa sababu aliulizwa mbele ya mwalimu wa mwanawe, na mtu asiyemjua, bila kuambiwa jibu lake litafanya nini. Bibi aliyemgusa goti hakuwa mjinga. Hofu yake ina msingi: kwa watu wasio na kitengo kingine karibu, huduma pungufu ni bora kuliko kutokuwa nayo.

Tathmini inayotaka kusikia ukweli lazima iiondoe hofu hiyo kwanza. Muulizaji asiwe mtu wa ofisi inayopimwa. Mzazi aulizwe nyumbani kwake au mahali pa faragha, na akiwa mzee anayejieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, aulizwe kwa Kisukuma. Aambiwe waziwazi kwamba jina lake halitatajwa. Na wenye mamlaka watamke mapema kwamba lengo ni kurekebisha, wala si kufunga. Wakishindwa kuahidi hilo, wasishangae kuletewa sifa tupu.

Mtoto mwenyewe aulizwe. Tangu 1997 majimbo ya Marekani yamekuwa yakishirikiana katika utaratibu wa kuwauliza watu wenye ulemavu wa ukuaji wenyewe kama wana marafiki, kama wanachagua ratiba ya siku yao, kama wanaogopa mahali wanapoishi. Asiyesema anaweza kuonyesha picha, au kutazama upande wa ndiyo na upande wa hapana. Mtoto wa mama yule anacheka akiona bajaji ya shule na hulia siku za kurudishwa nyumbani. Hilo ni jibu, kama yupo wa kuliandika.

Mwisho, matokeo yarudi kwa walioulizwa. Mara nyingi wazazi huhojiwa na hawasikii tena habari. Ripoti inayoishia kwenye kabati la halmashauri imechukua muda wa mama bila kumlipa chochote.

Wewe mzazi unaweza nini?

Huwezi kuandika tathmini ya taifa, lakini unaweza kuhakikisha ikija haimruki mwanao.

Anza na daftari. Leo, andika mambo matano ambayo mtoto anaweza na matano ambayo bado. Kila siku weka alama: amefika shule au hakufika, na kwa nini. Rudia orodha kila mwisho wa muhula. Daftari la mia mbili linatosha mwaka mzima, na ndiyo ile kumbukumbu ya mwanzo inayokosekana.

Pili, kaeni pamoja wazazi wa kitengo kimoja kabla ya wageni kuja. Jambo lililosemwa na wazazi wanane halimwangukii mmoja, na mwalimu mwema atafurahi, kwa kuwa mara nyingi upungufu mnaouona nyinyi ndio huohuo anaouomba yeye kila mwaka.

Tatu, pelekeni hoja mahali zinapoandikwa: kamati ya shule, mkutano wa mtaa, ofisi ya ustawi wa jamii, na kamati za watu wenye ulemavu ambazo zinapaswa kuwepo kuanzia mtaa hadi halmashauri. Ulizeni maswali mawili tu: fedha ya kitengo chetu mwaka huu ilikuwa ya kufanya nini, na mtajuaje kama imefanya?

Nne, mtajeni mtoto ambaye hayupo. Kama kuna nyumba ya tatu yenye binti ndani, mwenyekiti wa mtaa ajue, kwa heshima na kwa ridhaa ya wazazi wake.

Mama yule wa Kiseke naye anaweza kuanza na ukurasa mmoja. ‘Jumatatu hakwenda, bajaji. Jumanne alikwenda. Jumatano hakwenda, hela. Alhamisi alikwenda, alikula mwenyewe vijiko vinne.’ Siku kijana mwenye kishikwambi akirudi na kuuliza kama wanaridhika, hatahitaji kumtazama mwalimu wala kutafuta maneno. Atamfungulia daftari, naye bibi wa benchi, kama ameleta la kwake, atafungua la kwake.